Je, Wajua? Mwalimu wa Chekechea Aliyechangisha kwa Kalamu

Wapenzi wa vitabu vya watoto wanamjua Kate Douglas Wiggin kwa sababu ya Rebecca of Sunnybrook Farm. Walimu wa chekechea nchini Marekani wanamjua kwa sababu ya shule moja iliyokuwa katika mtaa wa kimaskini mjini San Francisco. Kumbe kazi hizo mbili zilikuwa zikilishana: kalamu iliitafutia shule pesa, na shule ikaipa kalamu watoto wa kusimuliwa. Twende nazo moja moja.

MTOTO WA MAINE

1. Je, wajua kwamba jina la Wiggin alilipata ukubwani? Alizaliwa Kate Douglas Smith, mjini Philadelphia, tarehe 28 Septemba 1856. Baba yake, aliyekuwa wakili, alifariki Kate angali mdogo sana. Mama yake, Helen, akahamia jimbo la Maine pamoja na Kate na mdogo wake Nora, na huko akaolewa tena na daktari wa kijijini, Albion Bradbury. Mtunzi wetu akakulia Hollis, kijiji kilicho kando ya mto Saco.

2. Je, wajua kwamba akiwa na miaka 11 aliketi kiti kimoja na Charles Dickens? Ilikuwa mwaka 1868. Dickens alikuwa akizunguka Marekani kuwasomea watu vitabu vyake kumbini. Alipofika Portland, mama yake Kate alikwenda kumsikiliza, binti akaachwa kwa kuwa bado mdogo. Kesho yake wakawa ndani ya treni ya kwenda Boston, na Dickens naye yumo. Kate akamtafuta hadi akamwona, na kiti cha jirani yake kilipobaki wazi, hakusubiri kukaribishwa.

3. Walizungumza nini? Kate alimwambia kwamba amesoma karibu vitabu vyake vyote, na vingine amevirudia. Dickens akastaajabu: vitabu vinene namna ile, na mtoto mdogo namna hii! Kate akaungama kwamba huwa anaruka sehemu zinazochosha, ila si zile fupi, ni zile ndefu tu. Dickens aliangua kicheko, akatoa daftari na kalamu, akataka atajiwe ni sehemu zipi hizo. Kate aliyasimulia hayo mwaka 1912 katika kitabu kidogo kiitwacho A Child's Journey with Dickens.

4. Je, wajua kwamba ni ugonjwa uliompeleka California? Mapafu ya baba yake wa kambo yalikuwa mabovu, na madaktari wa wakati huo waliamini sana hewa ya pwani ya Pasifiki. Mwaka 1873 familia ikahamia Santa Barbara. Hewa haikutosha. Dakta Bradbury alifariki mwaka 1876, akawaacha mke na mabinti katika dhiki ya pesa. Kate, msichana aliyekuwa amesoma shule nzuri za bweni, sasa ikambidi atafute riziki.

5. Je, wajua kwamba hadithi yake ya kwanza kuuzwa ilimletea dola 150? Aliipeleka kwenye St. Nicholas, jarida la watoto lililosifika kuliko yote Marekani, ambalo mhariri wake alikuwa Mary Mapes Dodge, mtunzi wa Hans Brinker. Hadithi hiyo, Half a Dozen Housekeepers, inahusu wasichana sita walioachiwa nyumba waiendeshe wenyewe. Ilichapishwa kwa mfululizo kuanzia mwaka 1878. Mwingine angeacha kila kitu akawa mwandishi. Kate akaenda kusomea ualimu.

6. Je, wajua aliyemtia moyo asomee chekechea? Ni Caroline Severance, mpigania haki za wanawake aliyehamia Los Angeles. Severance ndiye aliyesaidia kumleta mjini humo mwalimu wa Kijerumani, Emma Marwedel, aliyefungua darasa la kufundisha walimu wa chekechea. Kate akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa California.

BWANA MWENYE MIPIRA YA SUFI

7. Je, wajua kwamba chekechea ina baba, na anajulikana kwa jina? Friedrich Fröbel alizaliwa Ujerumani mwaka 1782. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi tisa tu, na utoto wake ulikuwa wa upweke. Mwaka 1837 alifungua kituo cha michezo na shughuli za watoto katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa kituo hicho jina ambalo dunia nzima inalijua: Kindergarten. Wazo lake lilikuwa geni kwa zama hizo, kwamba mtoto anapocheza ndipo anapofanya kazi yake kubwa ya kujifunza.

8. Je, wajua "zawadi" za Fröbel? Hazikuwa za sikukuu. Ni vifaa alivyovipanga kwa mfuatano. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya sufi, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ni maumbo matatu ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Ya tatu ni mchemraba uliokatwa vipande vinane vinavyolingana, ili mtoto auvunje na kuuunda upya kwa mikono yake. Fröbel alipofariki mwaka 1852, maumbo hayo matatu ya mbao yalichongwa kwa jiwe yakawekwa juu ya kaburi lake.

9. Baada ya zawadi huja "shughuli": kukunja karatasi, kutoboa michoro kwa sindano, kusuka vipande vya karatasi kama ukili wa mkeka, kufinyanga udongo. Wahenga wetu nao waliutumia udongo kusema kwamba mtoto hufunzwa angali mdogo: udongo uwahi ungali maji.

10. Je, wajua kwamba chekechea ziliwahi kupigwa marufuku? Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizifunga kwa madai kwamba zinaeneza ujamaa na kumpinga Mungu. Sehemu ya mkasa ilikuwa mkanganyiko wa majina: Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake Friedrich, alikuwa ameandika maandishi yaliyowaudhi wakubwa, na mzee akabebeshwa mzigo usio wake. Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka minane.

11. Mwaka aliozaliwa Kate ndio mwaka chekechea ilipotia mguu Marekani. Mwaka 1856, huko Watertown, Wisconsin, Margarethe Schurz, mhamiaji wa Kijerumani, alianza kuwafundisha binti yake na watoto wengine wachache kwa njia ya Fröbel, kwa Kijerumani. Mwaka 1860 Elizabeth Peabody akafungua ya Kiingereza mjini Boston. Mwaka 1873 Susan Blow akaanzisha mjini St. Louis ya kwanza ndani ya mfumo wa shule za umma.

12. Je, wajua kwamba msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikulia kwenye vibao hivyo hivyo vya Fröbel? Mama yake aliviona katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, akamnunulia mwanawe. Hata uzeeni Wright aliendelea kusema kwamba maumbo yale ya mbao yalibaki vidoleni mwake.

SILVER STREET, SAN FRANCISCO

13. Je, wajua ni nani aliyewasha moto San Francisco? Ni Felix Adler, mwanafalsafa kutoka New York, aliyefika mjini humo mwaka 1878 akahutubia kuhusu chekechea za bure kwa watoto wa maskini. Wasikilizaji wake wakaunda chama, wakachanga pesa, wakatafuta mwalimu. Wakampata msichana wa miaka ishirini na ushei kutoka Santa Barbara.

14. Hivyo ndivyo Kate alivyofungua Silver Street, chekechea ya kwanza ya bure magharibi ya Milima ya Rocky. Chekechea nyingi za wakati huo ziliwapokea watoto ambao wazazi wao walimudu ada. Hii iliwataka hasa wale ambao wazazi wao hawakuwa nayo.

15. Je, wajua kwamba sehemu ile ya jiji iliitwa Tar Flat? Jina lilitokana na lami iliyomwagwa na viwanda vya gesi vya jirani. Wakazi walikuwa vibarua na mabaharia, wengi wakiwa wahamiaji, na watoto walishinda njiani. Kate alipita mtaani akiongea na akina mama milangoni, kwa sababu alijua kwamba mtoto haji shuleni mpaka kwanza mama yake aamini. Habari njema zikaenea upesi kuliko tangazo lolote.

16. Walimfuata wageni pia. Sarah B. Cooper, mwalimu wa Biblia mjini humo, aliitembelea Silver Street, akatoka ameamua. Mwaka 1879 akafungua ya kwake katika mtaa wa Jackson. Kazi yake ikakua ikawa Golden Gate Kindergarten Association, iliyofadhiliwa na matajiri wakubwa wa California. Phoebe Hearst alikuwa miongoni mwa wafadhili wake wakuu. Jane Stanford, aliyempoteza mwanawe wa pekee mwaka 1884, aliipa chekechea dola 100,000.

17. Kate aligundua mapema kwamba shida kubwa haikuwa watoto wala vyumba, ilikuwa walimu. Kucheza na watoto kila mtu anaweza, lakini kuuongoza mchezo ili mtoto ajifunze kuhesabu, kuongea na kushirikiana, hilo linafundishwa. Kufikia mwaka 1880 alikuwa ameanzisha chuo cha kufundisha walimu wa chekechea, akisaidiwa na mdogo wake Nora. Wahitimu wakasambaa pwani nzima ya Pasifiki. Mwaka 1885 akatoa pia kitabu cha nyimbo za darasani, Kindergarten Chimes.

18. Je, wajua kwamba ndoa ilimtoa darasani? Mwaka 1881 aliolewa na wakili Samuel Bradley Wiggin, na desturi ya enzi hizo ilimtaka mwalimu wa kike akiolewa ajiuzulu. Akaliacha darasa la watoto, lakini hakuliacha jambo lenyewe. Hata walipohamia New York mwaka 1884, aliendelea kurudi California kuhimiza kazi, na Nora ndiye aliyeshika usukani wa Silver Street.

19. Na jengo? Mwezi Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliitikisa San Francisco, na moto uliofuata ukaiteketeza sehemu yote ile ya kusini ya Market Street. Kilichosalia ni walimu waliokwisha kufundishwa. Hao walikuwa katika miji mingine, wakifundisha.

KALAMU INACHANGISHA

20. Je, wajua kwamba kitabu chake cha kwanza kilikuwa mchango wa shule? The Story of Patsy, cha mwaka 1883, kinamhusu mvulana mlemavu wa mitaa ya San Francisco anayejileta mwenyewe chekechea. Kilichapishwa kijitabu chembamba na kuuzwa kwa ajili ya mfuko wa Silver Street. Hakikupita kwa mchapishaji mkubwa wala duka la vitabu la maana. Walionunua ni marafiki wa shule.

21. Cha pili kikawa kishindo. The Birds' Christmas Carol, kilichopigwa chapa mwaka 1887 kwa njia ile ile na kwa lengo lile lile, kinamhusu Carol, binti mgonjwa wa familia tajiri, anayeamua kuwaandalia karamu ya Krismasi watoto tisa wa jirani maskini, akina Ruggles. Sehemu inayochekesha kuliko zote ni pale Mama Ruggles anapowafundisha wanawe tisa adabu za mezani siku hiyo hiyo ya mwaliko. Kampuni ya Houghton Mifflin ilipokichukua na kukitoa upya, kikauzwa kwa maelfu, kikasomwa kila Krismasi.

22. Ukiwaangalia akina Ruggles vizuri, utawaona watoto wa Silver Street: wachafu kidogo, wana majigambo, wana njaa, na wanapendana. Waandishi wengi wa zama hizo walimwandika mtoto maskini kama malaika wa kuliliwa. Kate alikuwa amewafuta makamasi kila asubuhi. Alijua kwamba wana utani, ujeuri na fahari, akawaandika hivyo.

23. Je, wajua kwamba alibaki mjane akiwa na miaka thelathini na ushei? Samuel Wiggin alifariki ghafla mwaka 1889. Kate akajitosa kazini: akaandika Timothy's Quest mwaka 1890, na akazunguka akisoma hadithi zake mbele ya watu ili kuzichangia chekechea. Mtoto aliyeachwa nyumbani usiku ule wa Portland sasa ndiye aliyekuwa jukwaani, kama Dickens.

24. Je, wajua kwamba aliwaandikia walimu pia? Pamoja na Nora alitoa juzuu tatu ziitwazo The Republic of Childhood, kati ya mwaka 1895 na 1896. Moja inaeleza zawadi za Fröbel, ya pili shughuli zake, ya tatu misingi na utendaji wa chekechea. Ni vitabu vya watu waliokwisha kuwa darasani: vinasema kifaa gani kitolewe lini, na mwalimu aulize nini mtoto anapokishika.

25. Mume wa pili alimpata melini. Akiwa safarini kwenda Uingereza mwaka 1894 alifahamiana na George Riggs, mfanyabiashara wa New York, wakaoana mwaka uliofuata. Nyumbani akawa Bi Riggs, ila juu ya vitabu akabaki Wiggin, maana jina hilo lilikwisha kuwa na wasomaji wake. Walinunua nyumba Hollis, kijiji kile kile cha utotoni, wakaiita Quillcote.

REBECCA NA NDUGUZE

26. Je, wajua kwamba shujaa wake mashuhuri aliwahi kuwa mchuuzi wa sabuni? Rebecca of Sunnybrook Farm kilitoka mwaka 1903. Rebecca Rowena Randall, mmoja wa watoto saba wa mjane, anapelekwa kulelewa na dada wawili wa mama yake, wasioolewa: Miranda mwenye ulimi mkali na Jane mpole. Ili kuipatia familia maskini taa ya mezani inayotolewa kama zawadi kwa wauzaji, Rebecca na rafiki yake wanapita nyumba kwa nyumba na sabuni. Kijana mmoja tajiri anamaliza kazi yote kwa mkupuo: ananunua vipande 300.

27. Rebecca anampa kijana huyo, Adam Ladd, jina la utani: Bwana Aladdin. Na hapo kuna uzi mwingine. Mwaka 1909 Kate na Nora walihariri mkusanyo wao wa Alfu Lela Ulela kwa ajili ya watoto, ukiwa na picha za mchoraji Maxfield Parrish. Toleo hilo hadi leo linatafutwa na wakusanyaji kwa ajili ya picha zake.

28. Je, wajua kwamba Rebecca alisomwa hata kwenye uwanja wa vita? Mwaka 1904 Jack London, aliyekuwa Manchuria akiripoti vita vya Urusi na Japani, alimwandikia Kate barua kutoka makao makuu ya jeshi la Japani kumwambia kwamba Rebecca ameuteka moyo wake. Mark Twain naye alikisifu kitabu hicho. Wote wawili ni waandishi wagumu, si watu wa kulainishwa na hadithi za wasichana.

29. Mwaka 1904 pia chuo cha Bowdoin, huko Maine, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa fasihi. Ajabu ni kwamba Bowdoin wakati huo kilikuwa cha wanaume watupu. Wanafunzi wa kike hawakuanza kupokelewa mpaka miaka ya 1970.

30. Je, wajua kwamba mtoto Rebecca aliigizwa na mtu mzima wa miaka 25? Katika filamu bubu ya mwaka 1917, Mary Pickford, nyota mkubwa wa kike wa enzi hizo, alivaa nguo za kitoto, akasuka nywele, na watu wakajaa kumbini. Mwaka 1938 zamu ikawa ya Shirley Temple, aliyekuwa mtoto kweli, ila filamu ile ilibaki na jina la kitabu tu, hadithi ilikuwa nyingine. Riwaya yake ya mwaka 1911, Mother Carey's Chickens, nayo ndiyo msingi wa filamu ya Disney ya mwaka 1963, Summer Magic.

31. Tabia ya kuchangisha kwa kalamu haikumtoka. Mwaka 1897 aliwakusanya wanawake wa Hollis na kijiji jirani cha Buxton wakaunda chama cha hisani, Dorcas Society. Mwaka 1907 akatoa The Old Peabody Pew, hadithi ya wanawake wanaolikarabati kanisa lao, ambayo baadaye ilifanywa mchezo ukaigizwa ndani ya kanisa lenyewe la Buxton. Waliokuja kutazama walikuja kutoa.

32. Je, wajua alifia wapi? Aliaga dunia Harrow, Uingereza, tarehe 24 Agosti 1923, katika safari iliyohusu chama cha wapenzi wa Dickens. Majivu yake yalirudishwa Maine, yakamwagwa katika mto Saco. Tawasifu yake, My Garden of Memory, ilitoka mwaka huo huo, na miaka miwili baadaye Nora akatoa kitabu kuhusu dada yake. Kate hakuzaa mtoto.

NA SISI JE?

33. Je, wajua kwamba nchini Kenya chekechea ni kazi ya kaunti? Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali, ndiyo maana mwalimu wa madarasa ya awali, PP1 na PP2, anaajiriwa na kaunti, wa darasa la kwanza anaajiriwa na serikali kuu. Tanzania nayo, kwa sera ya elimu ya mwaka 2014, iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Jambo ambalo San Francisco mwaka 1878 liliendeshwa kwa michango ya watu, leo limeandikwa katika sheria na sera.

34. Mombasa ina historia yake pia. Katika miaka ya 1980 jamii za Waislamu wa Pwani, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, zilianza chekechea zinazounganisha mafunzo ya madrasa na michezo ya kujifunzia. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Waliofundishwa ualimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapa hapa, kuanzia vifuu hadi mbegu. Ile shida ya Kate, kwamba chekechea ni mwalimu kwanza, ilitatuliwa kwa namna ile ile: kwa kumfundisha mwalimu.

35. La mwisho, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Je, wajua kwamba mwaka 1892 Kate alitoa kitabu, baadhi ya sura zake zikiandikwa na Nora, kiitwacho Children's Rights, yaani haki za watoto? Azimio la Geneva la Haki za Mtoto lilipitishwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1924, miaka 32 baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulikuja mwaka 1989, miaka 97 baadaye. Na hoja ya Kate haikuwa ya kisheria. Alidai kwamba mtoto ana haki ya kuwa mtoto: awe na mahali pake, vitu vyake, na mazingira yanayolingana na kimo chake. Aliwataka wakubwa wafikirie wanaishi katika nyumba ambayo vitasa vya milango viko juu wasivifikie. Basi ukipita kwenye chekechea ya mtaani kwako, usianze kwa kuuliza watoto wanajua kusoma mpaka herufi gani. Tazama kitasa, rafu ya vitabu na bomba la kunawia, uone kama mtoto wa miaka minne anavifikia bila kubebwa.